Fahamu: Hukumu inaposomwa Arusha, nawe waweza kuketi ndani

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, hailazimiki tu kutoa hukumu; Itifaki iliyoiunda inataka hukumu isomwe hadharani, wahusika wakiwa wamepewa taarifa mapema. Mlango huo wa wazi ni wa mwananchi pia.

Ukienda, beba kitambulisho, zima simu, simama majaji wanapoingia. Usitarajie mabishano ya mawakili, kwani hayo yalishakwisha. Kwa kawaida husomwa muhtasari: madai ya mlalamikaji, hoja za serikali, iwapo mahakama ina mamlaka ya kusikiliza shauri hilo, kisha amri. Sehemu ya mamlaka huchosha, lakini isikilize kwa makini, maana kesi nyingi hufia hapo.

Tarehe 26 Mei 2017 ilisomwa hukumu dhidi ya Kenya katika kesi ya jamii ya Waogiek, kuhusu kufukuzwa kwao katika Msitu wa Mau. Mahakama iliona haki zao zimevunjwa. Fidia haikuamuliwa siku hiyo. Ilisubiri hadi 23 Juni 2022, Kenya ilipoamriwa kulipa zaidi ya shilingi milioni 157 za Kenya na kuwarudishia ardhi ya mababu zao.

Hukumu haina rufaa, na jaji asiyekubaliana na wenzake anaruhusiwa kutoa maoni yake. Ila mahakama haina polisi wa kukazia amri zake. Utekelezaji uko mikononi mwa serikali husika. Kwa hiyo ukishatoka ukumbini, endelea kuuliza: je, imetekelezwa?