Mali Bila Daftari: Tuzipange Barua Pepe Zetu

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Wengi wetu huichukulia methali hii kuwa ya wenye maduka. Mimi nimefunzwa na barua pepe kwamba inatuhusu sote, na funzo lenyewe halikuwa tamu.

Miaka michache iliyopita, mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili aliniomba kwa barua pepe nimwandikie barua ya mapendekezo, kwani alikuwa akitafuta ufadhili wa masomo. Ombi lake lilinifikia siku kumi kabla ya tarehe ya mwisho. Nililisoma wiki tatu baadaye. Kwa adabu zake hakuthubutu kunikumbusha. Alidhani nimekataa kimyakimya. Ilimbidi asubiri mwaka mzima.

Kosa lilikuwa langu. Majirani tunaosali pamoja hapa Nakuru hutumiana matangazo ya maombi kila wiki. Yalipozidi, niliunda kichujio, yaani agizo ambalo mtu huipa huduma yake ya barua pepe ili izipange barua zinapoingia. Niliagiza kwamba kila barua yenye neno "maombi" katika mada yake iondolewe kwenye kikasha na kuwekwa chini ya lebo ya "Ibada", nije niisome nipatapo wasaa. Naye mwanafunzi, kwa Kiswahili sanifu nilichomfundisha mwenyewe, aliandika: "Maombi ya barua ya mapendekezo". Kichujio kikatii amri. Shida ya mtu ikaenda kulala pamoja na ratiba za mikesha.

Ni aibu kwa mtu anayelipwa kufundisha isimu. Kila mwaka mimi huwaeleza wanafunzi kwamba neno moja laweza kubeba maana nyingi, na kwamba umbo si maana. Twasema "kiongozi amefika", wala hatusemi "kiongozi kimefika", kwa sababu tunamtazama mtu anayetajwa, hatudanganywi na hiyo "ki" ya mwanzo. Kichujio cha aina yangu hakina busara hiyo. Chenyewe hutazama herufi tu.

Je, msomaji, tuviache basi vichujio? La hasha. Kabla ya mwaka 2009, nyaya za SEACOM na TEAMS zilipotia nanga Mombasa, intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti, nayo ilikuwa ghali na ya kujikokota. Mtu alikwenda mjini, akalipia dakika zake, akasoma barua tatu nne na kurudi nyumbani. Leo simu iliyo mfukoni hupokea taarifa za benki, za kodi, za shule za watoto na matangazo ya maduka ambayo hatukumbuki lini tuliyapa anwani zetu. Asiyepanga atazama.

Tuliokua katika enzi ya sanduku la posta tunao mfano wa kuiga. Watu wengi wa Njoro, Molo na Gilgil walipata barua zao kupitia sanduku la shule au la kanisa. Mtu mmoja alizichukua na kuzigawa. Hakuzifungua wala hakukisia yaliyomo. Alisoma jina lililoandikwa juu ya bahasha, akampa mwenyewe. Mimi nilifanya kinyume chake: nilipanga kwa kubahatisha neno, ilhali anwani ya mtumaji ilikuwa mbele ya macho yangu.

Kwa hivyo, ushauri wangu wa kwanza ni huu: kichujio kifuate anwani ya mtumaji, si neno la kawaida. Laiti ningetaja anwani ya wale majirani, yasingenifika haya.

Pili, tuitumie lebo ipasavyo. Huduma ya Gmail, iliyozinduliwa tarehe 1 Aprili 2004, ilichagua lebo badala ya folda, na tofauti si ndogo. Karatasi ikitiwa katika jalada moja haiwezi kuwa katika jingine. Lebo ni kama kibandiko: barua moja yaweza kubeba "Wanafunzi" na "Haraka" kwa pamoja, na bado ikabaki kikashani. Kubandika lebo ni jambo moja, kuiondoa barua machoni ni jingine. Hilo la pili tuliweke kwa matangazo tu.

Tatu, tukijaribu kichujio kabla ya kukihifadhi. Gmail humruhusu mtu kutafuta kwanza na kuona ni barua zipi za zamani ambazo zingenaswa. Dakika moja ya kutazama ingenionyesha barua za wanafunzi wangu zikiwa zimejipanga humo.

Nne, tuitembelee ile sehemu ya barua taka walau mara moja kwa wiki. Barua zilizomo hufutwa zenyewe baada ya siku 30, na si zote zilizo taka.

Yamkini kuna atakayesema kuwa haya ni mambo madogo. Hebu tujiulize ni nani hasa huumia barua inapopotea. Mkuu wa idara hapotezi kitu. Asipojibiwa atapiga simu, nasi tutasimama wima. Anayeumia ni mwanafunzi, mtafuta kazi, mzazi anayeulizia karo, mtu asiye na nambari yetu ya simu wala ujasiri wa kutugongea mlango. Huyo ana barua moja tu, naye hungoja.

Siku hizi nina lebo tano pekee, na ya "Wanafunzi" huifungua kila asubuhi kabla ya nyingine zote. Yule mwanafunzi alipoomba tena mwaka uliofuata, nilimjibu siku iyo hiyo. Hata hivyo, mwaka wake mmoja siwezi kumrudishia.