Litungu Jema Huanzwa Wakati wa Kiangazi

Katika nchi iliyo chini ya Mlima Elgon, tangu Bungoma hata Kitale, iko kazi ya mikono ambayo watu wengi huisikia sauti yake, lakini wachache huijua taabu yake. Nayo ni kazi ya kutengeneza litungu, ala ya Wabukusu yenye nyuzi saba, ipigwayo arusini, katika matanga ya wazee na katika karamu za mwaka wa tohara. Fundi wa litungu kwa kawaida hufanya kazi peke yake. Yeye ndiye mkata mti, ndiye mchongaji, ndiye mwambaji wa ngozi, ndiye mfunga nyuzi, na mwisho ndiye muuzaji. Tena, aghalabu, ni mkulima wa mahindi kama jirani zake.

Basi swali ni hili: mtu mmoja mwenye mikono miwili atawezaje kutoa kazi nyingi zaidi pasipo kuiharibu? Wako wanaodhani jibu ni kuharakisha. Lakini anayeitazama kazi yenyewe ataona kwamba jibu limo katika kuyajua majira.

MTI NA NGOZI

Litungu lina bakuli la mti lililochongwa na kuwambwa ngozi. Miti miwili hutoka katika bakuli hilo na kupanda juu, nayo huunganishwa na mti wa tatu uliolazwa. Nyuzi huanza chini, hupita juu ya kijiti kinachoziinua kutoka kwenye ngozi, kisha hufungwa katika mti ule wa juu, na hapo ndipo hukazwa mpaka kila uzi upate sauti yake. Ni ndugu wa nyatiti ya Wajaluo na obokano ya Wakisii, ambazo zina nyuzi nane.

Zamani nyuzi zilikuwa kano za ng'ombe. Siku hizi wengi hutumia nailoni. Badiliko hilo limempunguzia fundi kazi, kwa kuwa kano hutaka kutayarishwa kwa uangalifu, tena hulegea kwa unyevu. Lakini mti na ngozi havikubadilika, navyo havimtii mtu mwenye pupa. Mti mbichi huchongeka kwa urahisi, lakini unapokauka hujikunja na kupasuka. Ngozi huwambwa ingali na maji, kisha hujikaza yenyewe inapokauka. Ikianikwa karibu na moto ili ikauke upesi, hukakamaa na kuchanika. Isipokauka vema, hulegea, na sauti ya ala ikafifia.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya muda wa kutengeneza litungu si muda wa kufanya kazi, bali ni muda wa kungoja. Tezo hukaa mkononi siku chache tu, lakini mti hukaa kivulini wiki nyingi.

SOKO LINAPOKUJA NA MVUA

Hapa ndipo ilipo shida ya mafundi wa Bungoma na Trans Nzoia. Tohara ya Wabukusu hufanyika mwezi wa Agosti katika kila mwaka wa shufwa, kama 2022 na 2024. Tena Mashindano ya Muziki ya Kenya, yaliyoanzishwa mwaka 1927, kwa kawaida hufikia kilele chake mwezi huo huo, na shule hutaka ala zao mapema ili watoto wajifunze. Wanunuzi basi huja mwezi wa Mei, Juni na Julai. Lakini miezi hiyo ni ya mvua katika nchi ya Kitale. Hewa ina unyevu, mti haukauki, ngozi haikauki, na shamba nalo linataka palizi. Fundi anayeanza kukata mti siku anapoletewa fedha amekwisha kuchelewa miezi mitano. Atauza mti mbichi, nao utapasuka mikononi mwa mnunuzi, na jina lake litapasuka pamoja nao.

Mahindi yakiisha kuvunwa, huja kiangazi cha Desemba hata Februari. Wakati huo mkulima ana nafasi, na jua lipo. Huo ndio wakati wa kukata mti, kuchonga bakuli kwa ukubwa tu huku kuta zikiachwa nene, kupaka nta kwenye ncha zinazokauka upesi mno, na kuyapanga mabakuli kivulini penye upepo. Mvua zikija, yatakuwa yakingoja kumalizwa tu.

Desturi hii si ya huku peke yake. Mafundi wa Uskoti wanaotengeneza zumari zenye mfuko wa upepo hutumia mpingo, mti upatikanao Tanzania na nchi jirani. Nao hutoboa kijiti cha mpingo tundu dogo, wakakiweka kikauke muda mrefu kabla ya kukimaliza. Mtu mmoja katika karakana ndogo huweza kuuza mwaka huu kazi aliyoianza miaka iliyopita.

HESABU YA SIKU

Yafaa fundi aweke daftari. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Fundi atumia shilingi 800 kwa mti, ngozi na nyuzi, akauza litungu kwa shilingi 3,000. Husema amepata 2,200. Lakini kama amelifanyia kazi siku tisa, amepata karibu shilingi 244 kwa siku. Tuseme sasa amechonga mabakuli manne kwa pamoja, akanoa tezo mara moja, akaloweka ngozi nne siku moja, na siku zote za kazi zikawa 24 badala ya 36. Faida ni 8,800, yaani karibu shilingi 367 kwa siku. Bei haikupanda, wala mkono haukuharakishwa. Mpango tu ndio uliobadilika.

UJUZI USIZIKWE

Liko jambo la mwisho, nalo ni zito kuliko fedha. Ujuzi wa mtu afanyaye kazi peke yake hukaa kichwani na vidoleni mwake: unene wa bakuli, kiasi cha kuvuta ngozi, mahali pa kuweka kijiti. Akifa, vyote huzikwa. Jirani zao, Waisukha na Waidakho wa Kakamega, ngoma yao ya isukuti iliwekwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya mambo yanayohitaji kulindwa kwa haraka. Litungu nalo lisingojee kufika huko.

Fundi na achukue fimbo, aitie alama za vipimo vya litungu lake lililo jema kuliko yote, aiweke. Na aandike katika daftari mti gani ulipasuka na upi ulidumu. Na kila Desemba amwite kijana mmoja, wake au wa jirani, amkabidhi tezo na kipande cha mti, wachonge pamoja. Kijana atakayeanza na mti mbichi wakati wa kiangazi na kuusikia ukiimba mwezi wa Agosti atakuwa ameijua kazi yote.