Herufi Nene: za Kuita Watu, si za Kuandikia Hesabu

Siku hizi kamati nyingi hutayarisha zenyewe mabango, kadi za michango na taarifa za miradi. Jambo moja husahaulika mara kwa mara, nalo ni aina ya herufi. Katika toleo hili tunaeleza fonti moja inayopendwa sana, iitwayo Cooper Black.

Fonti hii ilichorwa na Oswald Cooper wa Chicago, Marekani, ikatolewa mwaka 1922 na kiwanda cha Barnhart Brothers & Spindler. Ilikusudiwa matangazo ya biashara. Miaka ya 1960 na 1970 ilivuma upya kwenye mabango na majalada ya santuri, ndiyo maana hadi leo ina sura ya zamani. Hupatikana kirahisi kwa sababu huja pamoja na programu za Microsoft Office.

Mistari yake ni minene, ncha zake ni za mviringo, na matundu ndani ya herufi kama a na e ni madogo. Unene huifanya ionekane kwa mbali. Mviringo huipa upole, ikawa inakaribisha badala ya kuamuru.

Kwa hiyo inafaa kwa maneno machache: jina la mradi kwenye bango, kichwa cha kalenda, fulana za vijana, au neno KARIBU mlangoni. Abiria wa daladala anayepita Moshono hana muda wa kusoma aya nzima. Maneno matatu au manne yanamtosha. Khanga nazo hufuata njia hiyo: jina la khanga ni fupi, tena kwa herufi kubwa.

Haifai kwa taarifa ya mapato na matumizi. Ikiandikwa kwa udogo na kutolewa fotokopi, matundu hujaa wino. 3, 6 na 8 huanza kufanana. Mzee aliyetoa shilingi 5,000 kwa ajili ya kisima husimama mbele ya ubao wa matangazo asione fedha yake imefanya kazi gani. Pengine hatauliza, lakini mchango ujao atasita. Hesabu inaweza kuwa safi kabisa, na bado ikazaa mashaka kwa kuwa haisomeki.

Tunazishauri kamati zifanye hivi:

1. Herufi nene ziwe za kichwa cha habari tu.
2. Maelezo na tarakimu ziandikwe kwa fonti nyepesi, kwa ukubwa wa kutosha.
3. Kabla ya kubandika, mwombeni mtu ambaye hakuiandaa taarifa, hasa mzee, aisome kwa sauti.

Akikwama kwenye tarakimu hata moja, ichapeni upya. Gharama ya karatasi moja ni ndogo kuliko ya kupoteza imani ya wachangiaji.