Jiwe la Mizani Huutia Moyo Nguvu

Msomaji, bila shaka umepata kuyaona mawe ya mizani sokoni, vile vipande vya chuma anavyoviweka mwuzaji upande mmoja ili apime mahindi au mchele upande wa pili. Huko Urusi zamani mawe hayo yalifanywa mviringo kama mpira, yakawa na mkono wa kushikia juu yake. Warusi huliita jiwe hilo giria. Uzito wake ulihesabiwa kwa pudi, na pudi moja ni kilo 16 na kitu kidogo.

Wenye nguvu wakaanza kushindana kuyainua, na mchezo ukazaliwa. Mwaka 1885 daktari mmoja wa mji wa St. Petersburg, jina lake Vladislav Kraevsky, alianzisha chama cha watu wapendao kuinua vitu vizito. Siku hizi katika mashindano ya giria mtu huinua jiwe lake tena na tena kwa muda wa dakika 10, wala haruhusiwi kuliweka chini apumzike. Mwenye mikono minene lakini moyo mchovu hafiki mwisho.

Hapo ndipo lilipo somo letu. Wengi hudhani kuinua vitu vizito ni kazi ya vijana watakao vifua vipana, na kwamba moyo hufaidika kwa kukimbia tu. Sivyo. Moyo nao ni msuli. Misuli mikubwa ya mapaja na makalio ikifanya kazi kwa pamoja, hudai damu nyingi yenye hewa safi, na moyo hulazimika kuisukuma upesi. Ukifanya hivyo siku kwa siku, moyo huzoea, hata kazi iliyokuwa ikikutoa jasho huiona nyepesi.

Kitambi si heshima

Karani, mwalimu, dereva na mshona nguo hukaa kitini mchana kutwa. Tumbo likichomoza, jirani humsifu kwamba mambo yake ni mazuri. Kumbe mafuta yanayokusanyika tumboni huenda pamoja na ugonjwa wa sukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Wangapi tumewazika hali watoto wao wangali shuleni!

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2020 kwamba mtu mzima afanye mazoezi ya kadiri dakika 150 hadi 300 kila juma, tena siku mbili au zaidi aitie misuli nguvu. Utaijuaje kadiri hiyo? Ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, umeifikia.

Namna ya kuanza

Aanzaye asitamani jiwe zito. Wanawake wengi huanza na kilo 8, wanaume na kilo 12 au 16. Simama, miguu imepanuka kidogo, jiwe liko mbele yako. Sukuma makalio nyuma, mgongo ukiwa umenyooka, ulishike kwa mikono miwili. Livute lipite katikati ya mapaja, kisha simama wima kwa nguvu ya nyonga, nalo litapaa lenyewe mpaka kifuani. Mikono ni kamba tu, isilivute. Toa pumzi unaposimama, wala usiizuie, maana kuizuia hupandisha shinikizo la damu.

Fanya mara 10, pumzika mpaka pumzi irudi, kisha rudia. Mizunguko mitano yatosha mwanzoni, siku tatu kwa juma, ukiacha siku moja katikati.

Asiye na jiwe asikate tamaa. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, hivyo dumu la lita 10 ni kilo 10. Dumu usilirushe, maana mkono wake waweza kukatika. Lishike kifuani, chuchumaa na kusimama, au libebe ukizunguka uani.

Mwenye maumivu ya kifua, shinikizo la damu au mimba amwone daktari kwanza.

Tena tusidanganyane: jiwe peke yake haliondoi unene, ikiwa jioni twanywa soda mbili na kula chapati sita. Wala hakuna zoezi liyeyushalo mafuta ya tumbo pekee. Mwili hupunguza mahali upendapo wenyewe. Lakini apunguzaye chakula bila mazoezi hupoteza na misuli pia, bali ainuaye vitu vizito huilinda misuli yake.

Basi anza kesho asubuhi, dakika kumi tu. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba nacho ni kipimo cha sokoni.