Malaz, Mass Effect na ufundi wa kumpoteza mtu njia

Tarehe 29 Septemba 2025, Mfuko wa Uwekezaji wa Umma wa Saudi Arabia, wenye makao yake Riyadh, ulitangaza pamoja na wabia wawili wa Marekani makubaliano ya kuinunua kampuni ya Electronic Arts kwa dola bilioni 55. Vijiweni gumzo lilikwenda moja kwa moja kwenye soka, maana EA ndiyo inayotengeneza gemu ya mpira inayochezwa katika vibanda vya PlayStation kuanzia Temeke hadi Kisauni. Lakini katika kapu hilohilo mna mali nyingine: Mass Effect, mfululizo wa gemu za kubuni za kisayansi ulioanza mwaka 2007. Tangu mwaka huo mfululizo huu umekuwa ukihangaika na swali moja: mtu aliyekaa kwenye kochi utamfanyaje ahisi kwamba anaivinjari galaksi?

Swali hilo lina ndugu yake Riyadh: mpangilio wa mahali humfanya mtu apite vipi? Katika miaka ya 1950, Mfalme Saud alipoamua kuhamishia wizara Riyadh kutoka Hijaz, magharibi ya nchi, watumishi wa serikali walihitaji pa kuishi. Kaskazini mashariki ya mji wa zamani likajengwa eneo jipya la Malaz: nyumba 754 za kujitegemea, fleti 340, shule, bustani, maktaba na uwanja wa mbio za farasi. Mji wa zamani ulikuwa wa nyumba za udongo na vichochoro vilivyopinda. Malaz ilichorwa kwa rula. Barabara kuu zilipewa upana wa mita 30, na viwanja vingi vilikatwa mita 25 kwa 25, kila nyumba ikisimama peke yake ndani ya ukuta wake. Baadaye mpangaji miji Mgiriki Constantinos Doxiadis, aliyepewa kazi ya kuandaa ramani kuu ya jiji mwaka 1968, aliichukua miraba akaieneza Riyadh nzima, kila mraba kilomita 2 kwa 2.

Jeddah, katika Hijaz hiyohiyo, ni habari nyingine. Mtu wa Lamu au Mji Mkongwe akishushwa al-Balad, mji wa kale ulioingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2014, atajiona yuko nyumbani: nyumba ndefu za mawe ya matumbawe, madirisha ya mbao yaliyotokeza nje, na njia nyembamba zinazokata kona bila kutoa taarifa. Hapo kuna nyumba ya ukoo wa Nasif, iliyojengwa mwishoni mwa karne ya 19, na mbele yake umesimama mwarobaini. Kwa muda mrefu watu waliijua kama nyumba yenye mti, kwa kuwa miti ndani ya mji ilikuwa adimu mno. Aliyepotea aliuulizia mti, na akishaufikia, alijua amefika wapi.

Ubongo unavyochora ramani

Mti ule unafanya kazi ambayo wanasayansi wameichunguza kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 1971, John O'Keefe wa Chuo Kikuu cha London (UCL) alieleza kuwapo kwa seli katika ubongo wa panya ambazo huamka panya anapofika sehemu fulani ya chumba, na akiondoka hapo zinanyamaza. Mwaka 2005, May-Britt na Edvard Moser wa Trondheim, Norway, wakaeleza seli nyingine jirani na hizo. Hizi huamka kwa vituo vinavyojirudia katika umbo la pembetatu zilizopangana, na hivyo kuupa ubongo kipimo cha umbali kadiri mnyama anavyosogea. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2014. Ramani ya kichwani, basi, hujengwa na mambo mawili makubwa: mwendo wa mtu mwenyewe, na alama na mipaka anayokutana nayo njiani.

Gemu imesaidia kulipima jambo hili. Mwaka 2016 ilitolewa Sea Hero Quest, gemu ya simu iliyobuniwa kwa ajili ya utafiti wa ugonjwa wa kusahau. Mchezaji huoneshwa ramani, ramani ikaondolewa, kisha anaendesha mashua kuyatafuta maboya moja baada ya jingine. Mwaka 2022 jarida la Nature lilichapisha uchambuzi wa wachezaji 397,162 kutoka nchi 38. Waliokulia nje ya miji walikuwa hodari zaidi wa kutafuta njia, na pengo lilikuwa kubwa zaidi katika nchi ambazo miji yake imekatwa miraba. Waliokulia kwenye miraba nao walikuwa na pao pa kutamba: hatua za gemu zilizonyooka. Utafiti wa namna hii unaonesha uhusiano tu, hauthibitishi kwamba mtaa ndio uliomfundisha mtu. Hata hivyo unampa mbunifu dokezo: huenda barabara isiyokudai uamuzi haikuachii kumbukumbu nyingi.

Gemu nne, majibu manne

Gemu ya kwanza ya Mass Effect, kazi ya studio ya BioWare ya Kanada, ilijibu kwa ukubwa. Mhusika mkuu, Kamanda Shepard, alishushwa kwenye sayari za pembezoni akiwa ndani ya Mako, gari la kivita la magurudumu sita. Kwenye ramani kuna alama moja, nyuma ya mlima. Mchezaji hana subira ya kuuzunguka, kwa hiyo anaupanda mlima uliokaribia kusimama wima. Mako inakwaruza, inateleza, inarudi nyuma, inabiringika. Akifika kileleni anakuta bonde lingine tupu, na angani limetanda jua la rangi asiyoizoea. Utupu huo ulikuwa na kazi yake, kwani ulimfanya mtu ajione mdogo. Ila ardhi yenyewe haikusomeka, na majengo ya chini yalikuwa yaleyale, vyumba vilevile, vikirudiwa sayari hadi sayari.

Ufundi wa kuvinjari katika gemu hiyo ulikuwa mahali pengine: Citadel, kituo kikubwa cha anga ambako mchezaji alitembea kwa miguu. Lifti zake zilikwenda polepole hadi zikageuka mzaha, kwa kuwa ziliipa kompyuta muda wa kupakia eneo linalofuata. Hata hivyo zilishona. Mchezaji alitoka ngazi ya juu akafika ya chini bila picha kukatika, huku wenzake wakizungumza au taarifa ya habari ikisomwa, na kichwani ghorofa hizo zikawa mahali pamoja.

Mass Effect 2, ya mwaka 2010, iliifuta Mako na zile lifti. Sayari sasa huzungushwa kwenye skrini kama tufe la darasani. Mistari ya grafu ikiruka, mchezaji anarusha kifaa chini na kuvuna iridiamu au paladiamu. Upande wa pili wa mizani, maeneo ya kushukia yakawa machache na yakafinyangwa kwa mkono, hata huwezi kuichanganya Omega, kituo cha wahuni kilichochimbwa ndani ya asteroidi, na Illium, sayari ya kumetameta ya wafanyabiashara. Hadithi ikanona. Sayari nyingine nyingi zikawa maghala ya madini.

Ya tatu, mwaka 2012, iliufanya uvinjari kuwa wizi: kila mara chombo kinapopiga skani, mashine za adui husogea karibu, na ni lazima kuchukua kilichopo na kutoweka. Citadel ikarudi, lakini lifti yake ikawa orodha ya ghorofa za kuchagua kwa kitufe. Safari ilikwisha, yakabaki mafikio.

Kisha ikaja Andromeda, mwaka 2017, yenye hadithi ya wasafiri waliolala miaka 634 wakielekea galaksi jirani. Awali wabunifu walitaka sayari mamia, zizalishwe na kompyuta: programu hupewa kanuni na namba ya kuanzia, ikachonga milima na mabonde yenyewe. Gemu ya No Man's Sky ya mwaka 2016 ilitumia njia hiyo kupata sayari zaidi ya bilioni bilioni 18. Timu ya Andromeda iliiacha ndoto hiyo katikati ya kazi ikabaki na sayari chache. Kompyuta inaweza kukupa mlima ambao hakuna aliyewahi kuuona. Sababu ya kuupanda inabidi itungwe na mtu.

Kivuli kama njia

Sehemu bora ya Andromeda inaonesha jinsi sababu hiyo inavyotungwa. Elaaden ni jangwa. Mchezaji akishuka garini, kipimo cha mfumo wake wa uhai kinaanza kuporomoka kwa joto. Akiingia kivulini, kinapanda tena. Mara jabali linakuwa kituo, mdomo wa pango unakuwa kituo, gari nalo linakuwa kituo. Eneo lililoonekana tambarare na lenye njia popote linageuka kuwa na njia mahususi, na kila hatua inadai hesabu.

Anayekwenda dukani kwa miguu Malaz mwezi wa Julai, joto likipita nyuzi 43, anaifanya hesabu hiyohiyo. Barabara ya mita 30 na nyumba zilizorudi nyuma ya kuta zake humwacha juani, na ndiyo maana wengi huwasha gari kwa mwendo mfupi tu. Al-Balad, ambako nyumba ndefu zinatupiana vivuli, mwenda kwa miguu ana pa kupita. Malaz ilimrahisishia mtu kufika, al-Balad ikampa sababu ya kupita hapa na si pale.

BioWare inaandaa Mass Effect nyingine. Mashine za leo zina nguvu kuliko za 2007, kwa hiyo kishawishi kitakuwa kuongeza sayari. Kipimo cha kazi hiyo ni rahisi na hakina gharama. Mpe mchezaji saa mbili, zima skrini, mpe karatasi na kalamu achore alikopita. Akichora orodha ya alama alizofuata, ameongozwa. Akichora mahali alipokata kona, akaeleza na kwa nini aliikata, basi amevinjari, hata kama eneo lote halizidi mtaa mmoja.