Presha Ikipanda Uwanjani: Geji Gani Inaifaa Bunduki Yako ya Rangi?

Wapenzi wengi huingia kwenye peintiboli kwa utani tu. Mnaalikwa na marafiki wikendi moja, mnavaa maski, mnarushiana rangi, mnacheka. Baada ya muda mmoja wenu kashanunua bunduki yake mwenyewe, na hapo ndipo maneno huanza: "Risasi zako zinauma bwana!"

Usidhani anadeka. Kidonge kile cha rangi kina uzito wa gramu 3 hivi, na mwendo wa juu unaokubalika viwanjani ni futi 300 kwa sekunde, kama mita 91. Viwanja vingi huweka chini ya hapo. Ukizidisha, mwenzio anarudi nyumbani na vilio.

Wengi wakiambiwa hivyo hukimbilia skrubu ya presha na kuizungusha kwa kubahatisha. Geji ndiyo inayoondoa kubahatisha, ila lazima iwe geji sahihi. Ile iliyokuja na mtungi inaonyesha hewa iliyobaki ndani, psi 3000 au 4500 mtungi ukijaa. Haikwambii hewa inaingia kwenye bunduki kwa presha gani. Kwa hilo unahitaji geji nyingine, kwenye regulata ya bunduki yenyewe.

Chukua mfano wa Autococker, bunduki ya Kimarekani iliyotamba kwenye mashindano miaka ya 1990 na ambayo mashabiki wake hadi leo hawaishi kuichokonoa. Ina regulata mbili: kubwa inayolisha risasi, na ndogo ya mbele inayosukuma mtambo wa kukoki. Kubwa hufanya kazi kwenye mamia ya psi, ndogo chini kabisa ya hapo, kwa hiyo geji ya aina moja haitoshi kwa zote mbili. Chagua ambayo mshale wake utasimama karibu na katikati ukiwa kazini. Regulata ikitoa psi 300, geji ya 0 hadi 600 inafaa. Ukiweka ya 3000 mshale utajikuna tu pale chini, huoni kitu.

Kufunga si kazi ngumu. Toa vidonge, vua mtungi, fyatua hadi hewa yote iishe. Fungua kizibo cha regulata kwa alenki. Tundu lake kwa kawaida ni la thredi ya 1/8 NPT. Zungushia geji tepu nyeupe ya mafundi bomba, ila acha thredi ya kwanza wazi, vipande visije vikaingia ndani. Kaza kwa spana kwenye shingo, usishike uso wa geji (huo ndio ugonjwa wa wenye haraka). Rudisha mtungi, paka maji ya sabuni, tazama mapovu.

Sasa utamu wenyewe. Kuongeza presha si lazima kuongeze mwendo! Kwenye Autococker nyundo hugonga vali ili ifunguke, na presha hiyohiyo ndiyo inayoibana vali ijifunge. Ikizidi sana, vali inafunguka kidogo tu na mwendo unashuka. Basi vaeni maski, elekezeni bunduki pasipo na mtu, kipima mwendo kikiwa mbele. Mmoja afyatue, mwingine asome geji na kuandika. Anzieni chini, mpandishe kidogo kidogo. Mwendo utapanda, utatulia, kisha utaanza kuanguka. Psi iliyotoa mwendo mkubwa kuliko zote ndiyo yenu. Iacheni hapo, halafu mteremshe mwendo hadi kiwango cha uwanja kwa skrubu ya springi ya nyundo, si kwa regulata.

Geji hizi ndogo za bei poa hazikubaliani zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo namba ya jamaa yako usiinakili. Yako inakutosha, mradi ikurudishe palepale kila wikendi.

Kuna jambo moja ambalo kipima mwendo pekee kinaweza kulikosa. Ukishamaliza kurekebisha, iache bunduki dakika chache bila kufyatua, macho kwenye mshale. Ukiuona unapanda taratibu wenyewe, sili ya regulata imechoka. Risasi ya kwanza baada ya kujificha kimya nyuma ya kizuizi inaweza kutoka kali kuliko ulizopima, na mara nyingi hiyo ndiyo inayompata mtu aliyejitokeza hatua chache tu mbele yako. Badilisha sili kwanza, ndipo mwingie uwanjani.