Kifuniko cha Ardhi Hakina Budi Kusikilizwa

Mnunuzi wa mtungi hatazami rangi peke yake. Huuinua, akaugonga kwa kidole, akatega sikio. Mtungi mzima hulia. Wenye ufa hutoa sauti iliyopooza, naye huurudisha hata kama kwa macho hauna ila. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu wa Susuni, na wa mkoa mzima wa Mara, kwamba elimu hiyo ya mtungi ndiyo inayotumika katika jambo zito linalojadiliwa duniani, yaani kuizika hewa ukaa chini ya ardhi.

Hewa hiyo hutoka katika moshi wa viwanda na magari, na kuzidi kwake angani ndiko kunakoongeza joto la dunia. Baadhi ya mataifa huikamata, huikandamiza mpaka ikawa nzito karibu kama maji, kisha huisukuma ndani ya mwamba wa mchanga wenye vitundu, aghalabu zaidi ya mita 800 chini. Juu ya mwamba huo sharti pawe na kifuniko. Nacho ni tabaka la tope la kale lililogandamana likawa jiwe, lenye vitundu vidogo mno hata hewa isipenye kwa urahisi. Kifuniko cha namna hiyo si kigeni kwetu. Gesi ya Songo Songo huko Kilwa, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kupelekwa Dar es Salaam mwaka 2004, ilihifadhiwa na kifuniko kama hicho kwa mamilioni ya miaka.

Mahali ambapo ardhi haina kifuniko kizima, mambo huwa mengine. Huko Kyejo, wilayani Rungwe, hewa ukaa hupanda yenyewe kutoka chini, nayo huvunwa kwa matumizi ya viwanda. Ndugu zetu wa Goma wanayo mazuku, mabonde madogo ambamo hewa hiyo, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutuama na kuua watu na mifugo bila kishindo. Kwa hiyo kifuniko ni suala la uhai.

Basi kifuniko hugongwaje? Wataalamu hupeleka mtikiso ardhini na kupima mwangwi unaporudi. Katika Bahari ya Kaskazini, upande wa Norwei, mahali paitwapo Sleipner, kiasi cha tani milioni moja kwa mwaka zilianza kuzikwa mwaka 1996. Mwendo wa mtikiso katika mchanga uliojaa maji ya chumvi ulikuwa kiasi cha mita 2,050 kwa sekunde. Hewa ukaa ilipoingia ulishuka hadi karibu mita 1,450. Hivyo ilionekana wazi hewa imefika wapi.

Lakini kifuniko chenyewe ni kigumu kukisikiliza kuliko mchanga. Jiwe la tope lina matabaka, na mtikiso huenda kasi zaidi ukifuata matabaka kuliko ukiyakata. Aidha, hewa ukaa ikichanganyika na maji huwa na uchachu, ambao huweza kula baadhi ya madini ya jiwe. Ikiwa kavu huweza kulikausha tope likanywea. Na msukumo wake huweza kufumbua nyufa. Kila moja kati ya mambo hayo hubadili sauti. Anayesikiliza hana budi kutambua kama kifuniko kimebadilika kidogo tu, au kimeanza kupasuka.

Afrika imekwisha kupata funzo. Huko In Salah, katika jangwa la Aljeria, hewa ukaa ilizikwa tangu mwaka 2004. Setilaiti zilionyesha ardhi ya juu ikiinuka kwa milimita chache kila mwaka, na vipimo vya mitikiso vikatia shaka juu ya sehemu ya chini ya kifuniko. Mwaka 2011 kazi ilisimamishwa. Twaona kuwa huo ulikuwa uamuzi wa busara, nao uliwezekana kwa sababu watu walikuwa wakisikiliza.

Msomaji wa Susuni aweza kuuliza: yatuhusu nini? Ni kweli kwamba miamba yetu ya kale, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500, si matabaka ya tope na mchanga kama ya Kilwa. Lakini ardhi ya Kilwa ni mali ya Watanzania wote, na tangu mwaka 2022 nchi yetu inazo kanuni za biashara ya kaboni. Penye biashara hapakosi wenye haraka.

Kwa hiyo twasema bila kuficha. Akija mtu na fedha za kuzika moshi wa wengine katika ardhi yetu, na aonyeshe kwanza sauti ya kifuniko kabla ya kazi. Aendelee kukigonga wakati wa kazi na miaka mingi baadaye. Vipimo vyote viwe mikononi mwa wataalamu wetu, na maana yake ielezwe kwa wananchi kwa lugha wanayoielewa. Asiyekubali mtungi wake ugongwe, mtungi wake usinunuliwe.